Plagini zinazosahau kuuliza ruhusa: Hatari inayozikabili tovuti ndogo za Kisangani

KISANGANI. Katika maporomoko ya Wagenia, mwisho wa mlolongo wa maporomoko saba ya Boyoma unaoanzia Ubundu, mtu yeyote anaweza kusimama ukingoni na kutazama. Wavuvi hupanda juu ya miti mikubwa iliyosimikwa kwenye majabali na kufungwa kwa kamba za msituni, kisha hushusha vikapu virefu vyenye umbo la pia ndani ya maji yanayokwenda kasi. Mgeni akilipa, anaweza hata kupandishwa mtumbwi na kufikishwa karibu na miti hiyo.

Lakini kufika hapo hakumpi haki ya kuinua kikapu. Mahali pa kutegea pana wenyewe, haki yake hurithiwa ndani ya familia, na wavuvi wanajua nani anatega wapi. Aliyekaribishwa kutazama na aliye na haki ya kuvua ni watu wawili tofauti, hata wakiwa wamepanda mtumbwi mmoja.

Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayosahauliwa katika programu nyingi zinazoendesha tovuti. Ikisahauliwa, mtu aliyejisajili kama msomaji wa kawaida anaweza kujipa cheo cha msimamizi mkuu, kusoma taarifa za wateja, kubadilisha habari au kumfungia nje mwenye tovuti. Wataalamu huuita udhaifu huo kuvunjika kwa udhibiti wa ufikiaji, na umekuwa ukionekana mara kwa mara katika programu ndogo za nyongeza zinazojulikana kama programu-jalizi, au plagini kwa lugha ya mafundi.

Kwa Kisangani, makao makuu ya mkoa wa Tshopo, suala hili si la makampuni makubwa ya Ulaya peke yake. Redio, hoteli, shirika la misaada, parokia au kikundi cha kuongoza watalii huhitaji tovuti, na njia rahisi ya kuipata ni kumwomba kijana mmoja aitengeneze kwa WordPress, mfumo wa bure unaoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. WordPress yenyewe hufanya kazi za msingi tu. Fomu ya mawasiliano, kalenda ya kuweka nafasi, picha, duka, lugha ya pili: vyote hivyo huongezwa kwa plagini, na kila plagini huandikwa na mtu au kampuni tofauti.

Kuingia na kuruhusiwa

Tovuti yenye akaunti za watumiaji huwa na maswali mawili ya kuuliza. La kwanza ni: wewe ni nani? Hapo mtu huandika jina na nenosiri. La pili ni: je, unaruhusiwa kufanya hiki unachotaka kufanya? Swali hili linapaswa kuulizwa upya kila mara mtu anapojaribu kusoma, kubadilisha au kufuta kitu.

WordPress ina ngazi za watumiaji. Chini kabisa yuko msajiliwa, ambaye anaweza kusoma na kurekebisha wasifu wake tu. Juu yake wapo mchangiaji, mwandishi na mhariri. Juu ya wote yuko msimamizi, ambaye anaweza kuongeza plagini, kubadilisha mipangilio na kufuta akaunti za wengine. Mfumo wenyewe unazijua ngazi hizo vizuri. Tatizo ni kwamba plagini haizifuati mpaka mwandishi wake aiandikie amri ya kuuliza.

Tuchukue mfano wa kikundi cha waongoza watalii wa Wagenia chenye tovuti ya kuweka nafasi. Mtalii anajaza jina, namba ya pasipoti, simu na siku ya kuwasili. Akimaliza, anapelekwa kwenye ukurasa wa uthibitisho ambao anwani yake inaishia na namba 214. Kwa udadisi tu, anafuta 214 na kuandika 213. Kama plagini inaangalia tu kwamba kuna mtu ameingia, bila kuuliza kama nafasi namba 213 ni yake, mbele yake patatokea pasipoti na simu ya mgeni mwingine. Hakuna nenosiri lililovunjwa wala utaalamu uliotumika. Mtu amebadilisha tarakimu moja.

Mfano wa pili ni wa kitufe kilichofichwa. Mwandishi wa plagini anaweka kitufe cha kufuta nafasi kwenye ukurasa wa msimamizi tu, akiamini kwamba asiyekiona hawezi kukitumia. Lakini kitufe hicho hutuma ombi kwenda kwenye seva, na ombi kama hilo linaweza kutengenezwa na kutumwa na mtu yeyote anayejua muundo wake. Kwa kuwa plagini nyingi huchapishwa zikiwa wazi kusomwa, muundo huo si siri.

OWASP, taasisi ya kimataifa isiyo ya kibiashara inayofuatilia usalama wa programu za mtandaoni, iliuweka udhaifu wa aina hii katika nafasi ya tano kwenye orodha yake ya mwaka 2017. Katika orodha ya mwaka 2021 uliruka hadi nafasi ya kwanza.

Yaliyotokea kwingine

Historia ya karibuni ina matukio yanayoonyesha jinsi kosa dogo linavyofungua tovuti nzima.

Novemba 2018, udhaifu uligunduliwa katika WP GDPR Compliance, plagini iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 100,000. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenye tovuti kutii sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi. Lakini iliruhusu mtu asiye na akaunti yoyote kubadilisha mipangilio ya tovuti. Wavamizi waliwasha usajili wa watumiaji wapya, wakaagiza kwamba kila anayejisajili awe msimamizi, wakajisajili, kisha wakarudisha mipangilio ilivyokuwa ili wavamizi wengine wasiingie nyuma yao. Mwenye tovuti aliyetazama mipangilio asubuhi hakuona tofauti. Alama iliyobaki ilikuwa jina geni katika orodha ya wasimamizi.

Machi 2023 ilikuwa zamu ya Elementor Pro, plagini maarufu ya kupanga kurasa inayotumika kwenye mamilioni ya tovuti. Ilipotumiwa pamoja na plagini ya maduka ya WooCommerce, sehemu yake moja ya kubadilisha mipangilio haikuuliza kama aliyetuma ombi ni msimamizi. Mteja wa kawaida aliyejisajili ili anunue bidhaa aliweza kubadilisha mpangilio wowote wa tovuti. Marekebisho yalitolewa tarehe 22 Machi katika toleo la 3.11.7. Kabla mwezi haujaisha, mashambulizi dhidi ya waliochelewa kusasisha yalikuwa yameanza.

Novemba 2024 kosa lilikuwa ndani ya plagini ya usalama yenyewe. Really Simple Security, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 4, ilikuwa na hitilafu katika sehemu ya uthibitisho wa hatua mbili. Programu ilikagua kitambulisho cha anayeingia, ikakiona si sahihi, ikatoa jibu la kosa, kisha ikaendelea kumfungulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye tovuti zilizowasha huduma hiyo, mvamizi aliweza kuingia kama mtumiaji yeyote, akiwamo msimamizi. Hatari ilikuwa kubwa kiasi kwamba waendeshaji wa WordPress walisukuma toleo la 9.1.2 kwenye tovuti bila kungoja wenyewe wabonyeze kitufe.

Katika matukio yote matatu, walioandika plagini hawakuwa na nia mbaya, na nywila za wenye tovuti hazikuwa na kasoro. Swali lililohitajika halikuulizwa, au liliulizwa na jibu lake likapuuzwa.

Kwa nini Kisangani isijione iko mbali

Wenye tovuti ndogo hudhani hakuna mdukuzi anayeweza kujishughulisha nao. Ukweli ni kwamba mashambulizi mengi ya plagini hayafanywi na mtu anayechagua tovuti moja moja. Hufanywa na programu zinazopita mtandaoni usiku na mchana zikigonga kila mlango, kuuliza kama plagini fulani ipo na ni toleo gani. Programu hizo hazijui kama tovuti iko Kisangani, Mombasa au Paris, na hazina haja ya kujua. Tovuti iliyotekwa ina faida hata kama haina fedha: inaweza kutumiwa kusambaza barua taka, kuwapeleka wageni kwenye kurasa za utapeli au kuhifadhi kurasa bandia za benki.

Afrika Mashariki imeshaonja aibu ya tovuti kuingiliwa. Januari 2012, mdukuzi kutoka Indonesia aliharibu kurasa za tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Novemba 2025, tovuti za wizara kadhaa za nchi hiyo zilifunguka zikiwa na ujumbe wa ubaguzi wa rangi. Njia za kuingilia hutofautiana, lakini mwananchi anayefungua ukurasa na kukuta maneno ya mtu mwingine hupoteza imani kwa namna ile ile.

Kwa Kisangani, gharama inaweza kuwa zaidi ya aibu. Mji huu uliwahi kupigwa mabomu kwa siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopambana ndani yake. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola, ulioanzia upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, umeua watu na kuwafanya maelfu wayakimbie makazi yao. Katika mazingira hayo, habari moja ya uongo ikiwekwa kwenye tovuti ya redio inayoaminika, kwa jina na nembo yake halisi, inaweza kufika kwenye makundi ya simu kabla mhariri hajaamka. Hatakayeiona picha ya ukurasa ule hatauliza ni plagini gani iliyopitisha maneno hayo.

Shirika linalosaidia wakimbizi wa ndani nalo huwa na orodha za majina, simu na mahali familia zilipohifadhiwa. Orodha kama hiyo ikisomwa na asiyehusika, watu waliokimbia wanaweza kutafutwa walikokimbilia.

Upo pia upande wa sheria. Kongo ina Kanuni ya Kidijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, ambayo inagusa ulinzi wa taarifa binafsi na makosa ya mtandao. Anayekusanya pasipoti na simu za watu hawezi tena kusema kwamba mambo ya tovuti ni ya fundi peke yake.

Hatua kwa mwenye tovuti

Sehemu kubwa ya kinga haihitaji kujua kuandika programu.

Ya kwanza ni kuhesabu plagini. Kila plagini ni mlango mwingine uliowekwa na fundi mwingine. Ile isiyotumika ifutwe kabisa. Kuizima tu hakutoshi, kwa sababu mafaili yake hubaki kwenye seva na baadhi yanaweza kufikiwa moja kwa moja. Ile ambayo mwandishi wake hajaitolea toleo jipya kwa miaka itafutiwe mbadala. Plagini za kulipia zinazosambazwa bure kwa njia za wizi ziepukwe, kwa kuwa nyingi huja na mlango wa nyuma tayari.

Ya pili ni kusasisha haraka. Wapo wanaoweza kuahirisha kwa kuhofia kumaliza bando la intaneti. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Plagini haishushwi kwenye simu ya mwenye tovuti. Hushushwa na seva, ambayo pengine iko Ufaransa au Ujerumani na ina intaneti yake. Anayebonyeza kitufe hutumia data kidogo tu, sawa na kufungua kurasa chache. Aidha, tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, WordPress inaruhusu kila plagini kuwekwa ijisasishe yenyewe. Jambo la kukumbuka ni kwamba kazi hiyo huamshwa na mtu anapotembelea tovuti. Tovuti isiyotembelewa kwa siku nyingi inaweza kuchelewa, hivyo mwenyewe aifungue mara kwa mara.

Ya tatu ni kupunguza vyeo. Anayeandika habari apewe cheo cha mwandishi, si cha msimamizi. Wasimamizi wawili wanatosha kwa ofisi ndogo: mmoja wa kazi na mmoja wa dharura. Akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka au fundi aliyemaliza kazi ifungwe siku hiyo hiyo. Akaunti moja isitumiwe na watu watano, kwa sababu likitokea jambo hakuna atakayejua nani alifanya nini.

Ya nne ni kuzima usajili wa umma kama hauhitajiki. Kwenye mipangilio ya jumla ya WordPress kuna kisanduku kinachoruhusu mtu yeyote kujisajili, na chini yake kuna cheo anachopewa mgeni. Kisanduku hicho kiachwe kitupu, na cheo kibaki kuwa msajiliwa. Udhaifu mwingi, ukiwamo ule wa Elementor Pro, humhitaji mvamizi awe na akaunti ndogo kwanza. Asipoipata, njia hiyo imefungwa.

Ya tano ni nakala rudufu. Nakala ya tovuti ihifadhiwe nje ya seva, kwenye kompyuta au diski ya ofisi, na ijaribiwe kurejeshwa angalau mara moja. Kwa mji ambao umeme hukatika, diski moja isiyounganishwa na chochote, iliyofungiwa kabatini, ni kinga nzuri kuliko nakala tatu zilizoko kwenye seva ile ile iliyovamiwa.

Ya sita ni kujua nani anashika funguo. Jina la tovuti, akaunti ya seva na akaunti ya msimamizi viandikishwe kwa barua pepe ya taasisi. Fundi akihamia Kinshasa au Kampala na namba yake ikaacha kupatikana, ofisi iwe bado na uwezo wa kuingia kwenye tovuti yake. Uthibitisho wa hatua mbili uwekwe kwa kila msimamizi, ingawa kisa cha mwaka 2024 kinakumbusha kwamba nao unahitaji kusasishwa.

Kwa vijana wanaoandika plagini

Kwa mafundi, wakiwamo wanafunzi wanaojifunza kuandika programu katika vyuo vya mji huu, kanuni ni moja: seva iulize ruhusa kwa kila ombi, na jibu lisipokuwa ndiyo, kazi isimame hapo hapo.

Katika WordPress, swali hilo huulizwa kwa amri ya current_user_can, ikifuatwa na uwezo unaohitajika. Wengi hukosea kwa kutumia is_admin, wakidhani inamtambua msimamizi. Amri hiyo haimtambui mtu. Inaangalia tu kama ombi limepitia eneo la usimamizi, na hata ombi la mgeni asiye na akaunti linaweza kupita huko kupitia faili la admin-ajax.

Kosa la pili ni kutegemea nonce, namba ya muda inayoambatanishwa na fomu. Namba hiyo husaidia kuthibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa wa tovuti yenyewe, wala halikubuniwa na ukurasa mwingine wa hila. Haisemi chochote kuhusu cheo cha mtu, na maelekezo rasmi ya WordPress yanakataza kuitumia mahali pa ukaguzi wa ruhusa. Vyote viwili vinahitajika.

Kosa la tatu ni kuacha njia za data wazi. Kila njia inayosajiliwa kwenye REST ya WordPress inapaswa kuwa na permission_callback, yaani kipande kinachoamua nani apite. Tangu toleo la 5.5, mfumo humwonya fundi aliyeisahau. Wapo wanaonyamazisha onyo hilo kwa kuagiza kwamba kila mtu apite, kisha wanasahau.

Na kwa mfano wa nafasi namba 213, ukaguzi usiishie kwenye cheo. Programu iulize pia: je, rekodi hii ni ya mtu huyu?

Njia rahisi ya kujaribu haina gharama. Fundi afungue akaunti mbili za majaribio, moja ya msimamizi na moja ya msajiliwa. Anakili kila ombi linalotumwa na msimamizi, kisha alitume akiwa ameingia kama msajiliwa, na mara nyingine bila kuingia kabisa. Kila linalokubaliwa wakati lilipaswa kukataliwa ni kosa la kurekebisha kabla ya kukabidhi kazi.

Dalili za kuvamiwa

Jina geni katika orodha ya wasimamizi ndiyo dalili ya wazi zaidi. Nyingine ni plagini ambayo hakuna aliyeiweka, wageni kupelekwa kwenye tovuti nyingine wanapofungua kwa simu, na barua pepe za kubadilisha nenosiri ambazo hakuna aliyeziomba.

Hilo likitokea, tovuti iondolewe hewani kwa muda, nywila zote zibadilishwe, zikiwamo za seva na hifadhidata, na irejeshwe nakala ya kabla ya uvamizi. Plagini iliyopitiwa isasishwe au ifutwe kabla tovuti haijarudi, kwa sababu nakala ya zamani hurudi na udhaifu wake wa zamani. Kama taarifa za watu zimesomwa, wenye taarifa hizo waambiwe mapema ili wajihadhari na simu za utapeli.

Kwa ambaye hana muda wa kufanya yote leo, ukaguzi mmoja unachukua dakika tano na unawezekana kwa simu: kuingia kwenye tovuti, kufungua ukurasa wa watumiaji, kuchagua wasimamizi peke yao na kusoma jina moja moja. Kila jina liwe na mtu anayejulikana ofisini na sababu ya kuwa pale. Lisilo na mwenyewe lishushwe cheo usiku huo huo, na maswali yafuate asubuhi.